Kiti cha Karatasi

Tulifika Tanga alasiri moja ya mwezi wa Machi, mawingu ya masika yakiwa yamekwisha kutanda juu ya bahari. Tulikuwa wawili, watoa tiba kwa vitendo. Tulikuwa tumetoka Moshi na basi la alfajiri kupitia Same, Mombo, Korogwe na Segera. Miguuni petu kulikuwa na sanduku la vifaa na kiti kimoja cha mtoto, cha mbao, kilichopigwa msasa na kupakwa rangi, ambacho tulikionea fahari njia nzima. Kanisa lilikuwa limetuomba tukae miezi mitatu. Tungewatembelea watoto wenye ulemavu majumbani mwao, katika mitaa ya Ngamiani na Makorora na vijiji vya kuelekea Muheza, kisha turudi katika kituo chetu cha kazi.

Nyumba ya kwanza tuliyoingia ilikuwa ya bibi mmoja aliyekuwa akimtunza mjukuu wake wa miaka minne, wakati mama wa mtoto akiuza samaki sokoni. Mtoto alikuwa amelala chali mkekani, miguu imepishana kama mkasi, kichwa kimerudi nyuma. Tulimwamkia bibi, akaitikia marahaba, akatutengea kahawa. Tukajieleza: sisi ni nani, tumetumwa na nani, tiba yetu ni ya namna gani. Akatusikiliza hadi mwisho bila kutukatiza. Kisha akauliza swali moja tu.

"Na ninyi wanangu, mtakaa hadi lini?"

Tukasema miezi mitatu. Bibi akatikisa kichwa polepole, akamgeuza mjukuu wake upande, akamfuta mate kwa ncha ya khanga. Hakusema neno zaidi.

Ndugu msomaji, swali lile halikutuacha. Tulilala nalo, tukaamka nalo. Tulipotafuta jibu lake tukajikuta tunarudi katika historia ya kazi yetu, ambayo shuleni tuliisoma kwa ajili ya mtihani tu. Tuligundua kwamba swali la bibi ni la zamani kuliko sisi, na kwamba Kanisa limekuwa ndani ya historia hiyo tangu mwanzo, mara nyingine likifungua mlango, mara nyingine likiufunga.

MJANE WA LEEDS

Historia hii inaanza na kifo. Mwaka 1790 mjane mmoja wa mji wa Leeds, Uingereza, jina lake Hannah Mills, alipelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili katika mji wa York. Alikuwa Mkweka, wa jamii ya Marafiki. Jamaa zake waliwaomba waumini wenzao wa York wakamwone. Walipofika mlangoni walizuiwa. Baada ya majuma machache yule mjane akafa, na hakuna ndugu wa imani aliyekuwa amekaa kando ya kitanda chake.

Katika York aliishi William Tuke, mfanyabiashara wa chai, Mkweka pia. Hakuwa daktari. Yeye na wenzake walijiuliza kwa nini Marafiki wasiwe na nyumba yao wenyewe, ambamo mgonjwa angetunzwa kama mwana wa Mungu. Walichanga fedha, na mwaka 1796 wakaifungua nyumba waliyoiita The Retreat, yaani mahali pa kujitenga na kupumzika. Katika miaka hiyohiyo, huko Paris, daktari Philippe Pinel naye alikuwa akitafuta njia ya kuwatibu wagonjwa wa akili bila minyororo.

Kilichowashangaza wageni waliotembelea nyumba ile ya York hakikuwa dawa. Wagonjwa walipewa jembe na bustani. Wanawake walishona na kufuma. Uani kulikuwa na sungura na kuku, ili mtu aliyeshindwa kujitunza mwenyewe aanze kwa kutunza kiumbe mdogo kuliko yeye. Walialikwa kunywa chai wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Samuel Tuke, mjukuu wa mwanzilishi, aliandika habari za nyumba hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1813, na mfano wake ukaenea hadi Marekani.

Tusiwapambe kupita kiasi. Hata katika nyumba ile walikuwapo watu waliofungiwa na kuzuiwa kwa nguvu, ingawa ni wachache kuliko kwingineko. Lakini Marafiki walikuwa wameshika jambo moja ambalo ndilo mzizi wa tiba yetu: mtu aliyevunjika huanza kupona anapopewa nafasi ya kufanya jambo lenye maana, na mtu anayemwamini kwamba analiweza. Wasomaji wetu wa Kenya wanawafahamu Marafiki hao kwa jina jingine. Ndio waliofika Kaimosi mwaka 1902, na Kanisa la Marafiki limekuwa kubwa Afrika Mashariki kuliko huko lilikotoka.

NYUMBA YA FARAJA

Zaidi ya miaka mia moja baadaye mtu mwingine aliyevunjika alibeba wazo hilo. George Edward Barton alikuwa Mmarekani, msanifu wa majengo. Aliugua kifua kikuu, akafanyiwa upasuaji wa mguu, kisha upande wake wa kushoto ukapooza. Alipokuwa amelazwa Clifton Springs, mji mdogo katika jimbo la New York, alipata ushauri wa kasisi Elwood Worcester wa kanisa la Emmanuel, Boston. Tangu mwaka 1906 kasisi huyo alikuwa akifanya kazi pamoja na madaktari, akiamini kwamba mwili, akili na roho haviwezi kutibiwa kila kimoja peke yake kana kwamba havijuani. Barton alianza kujitibu kwa kazi za mikono na bustani, na mwaka 1914 akafungua nyumba aliyoiita Consolation House, nyumba ya faraja.

Mwezi wa Machi 1917 watu sita walikutana katika nyumba hiyo. Pamoja na Barton walikuwapo daktari William Rush Dunton, Eleanor Clarke Slagle, Susan Cox Johnson, Thomas Kidner na Isabel Newton. Hapo wakaunda chama cha kwanza cha tiba kwa vitendo. Majuma machache baadaye Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na wanawake waliofunzwa tiba hiyo wakapelekwa hospitalini kuwasaidia askari waliojeruhiwa kuanza upya maisha.

Katika wale sita, sisi tunamkumbuka zaidi Eleanor Clarke Slagle. Yeye alifundisha kwamba siku nzima ya mgonjwa ndiyo dawa: kuamka, kunawa, kuvaa, kula, kucheza, kupumzika, kila jambo kwa wakati wake, siku baada ya siku. Mtu hajengwi na saa moja ya mtaalamu. Hujengwa na mambo madogo yanayorudiwa. Na kama hilo ni kweli, mganga wa kweli ni yule anayekuwapo saa zile nyingine ishirini na tatu.

NENO "KAZI" KATIKA MJI WA MKONGE

Tulipokuwa tukieleza hayo Tanga, tulijikwaa kwenye neno. Tulisema mtoto hupona kwa kufanya kazi yake. Mzee mmoja jirani, aliyekuja kusikiliza akiwa amesimamisha baiskeli yake kibarazani, akauliza kwa mshangao: "Mtoto mdogo namna hii, tena mgonjwa, mnataka afanye kazi gani?"

Ilitubidi tukumbuke tulipo. Tanga ni mji uliokuzwa na mkonge, zao lililoletwa nchini wakati wa Wajerumani mwaka 1893. Kwa vizazi viwili au vitatu neno kazi lilimaanisha shamba la mkonge: manamba walioletwa kutoka mbali, kadi ya kipande iliyotaka siku 30 zitimie, miiba iliyochoma mikono na mvua iliyonyea migongo. Hata shule za kwanza za misheni hazikutofautisha kila mara kati ya kumfundisha mtoto kazi na kumtumia kwa kazi. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo hawezi kushangilia akiambiwa kwamba kazi ni tiba.

Tukajifunza kusema kwa namna nyingine. Tulimwambia yule mzee kwamba kazi ya mtoto ni kucheza, kula, kuvaa, kujikuna panapowasha, kumwita bibi yake. Kazi yake ni kuwa mtoto. Aliyenyimwa hayo na ugonjwa tunamtafutia njia ya kuyafanya, hata kama ni kwa kidole kimoja. Mzee akacheka, akasema, "Basi hiyo sawa. Hiyo ndiyo kazi asiyolipwa mtu na kila mtu anaitaka."

KUTOKA POLIO HADI MTINDIO WA UBONGO

Huduma kwa watoto wenye ulemavu katika nchi zetu ilianza kwa sehemu kubwa na polio. Makanisa yalikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1962 Jeshi la Wokovu lilifungua Joytown huko Thika, shule ya bweni kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Wengi wa watoto wa nyakati hizo walikuwa na akili zao timamu na mikono yenye nguvu. Kilichowashinda ni miguu. Ukimpa mtoto kama huyo vyuma vya mguu, magongo na dawati, alisoma na kuwapita wengine. Kwa hiyo ilikuwa na maana kumtoa kijijini na kumpeleka penye karakana na walimu. Kwa sababu hiyohiyo Moshi, kando ya hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, kilianzishwa mwaka 1981 chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia na vyuma vya kusaidia mwili, na baadaye yakaja mafunzo ya tiba kwa vitendo.

Kisha chanjo ilifanya kazi yake. Baada ya chanjo ya sindano ya Jonas Salk mwaka 1955 na ile ya matone ya Albert Sabin iliyoifuata, polio ilipungua mwaka hata mwaka, na tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili. Tunamshukuru Mungu kwa kila mama aliyesimama foleni kliniki kwa ajili ya matone yale.

Mtoto tunayemkuta sasa ni mwingine. Ana mtindio wa ubongo. Alizaliwa baada ya uchungu wa muda mrefu na hakulia, au alipata manjano makali siku za kwanza yasitibiwe mapema, au malaria ilipanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo ilimpitia akapona nusu. Ubongo umeumia, na mwili mzima hautii. Kumlisha ni saa nzima. Kumvika ni mieleka. Akilishwa amelala, uji huingia njia ya pumzi, na watoto wengi wa namna hii huuawa na nimonia inayoanzia kwenye kijiko. Mtoto huyu huwezi kumtengeneza karakanani ukamrudisha nyumbani amekamilika. Maisha yake yote yako katika namna anavyobebwa, anavyokalishwa na anavyolishwa, na hayo hufanywa nyumbani.

Wenzetu waliotutangulia waliliona hilo. Berta na Karel Bobath walikimbia Berlin wakati wa utawala wa Hitler wakaishi London. Berta alikuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili, mumewe daktari. Walijifunza kwa miaka mingi jinsi ya kumshika na kumwongoza mtoto mwenye mtindio wa ubongo ili misuli iliyokaza ilegee. Mwenzao Nancie Finnie akaandika mwaka 1968 kitabu cha kuwafundisha wazazi kuyafanya hayo nyumbani, wakati wa kuoga, kuvaa na kula. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi, Shirika la Afya Duniani liliandaa mafunzo ya utengamao katika jamii. Miongoni mwa waandishi wake alikuwa Padmani Mendis wa Sri Lanka, mtaalamu kutoka nchi ya joto na minazi kama pwani yetu. Wazo lao lilikuwa wazi: yule anayeishi na mtoto ndiye afundishwe, na mtaalamu apite kama mwalimu wake.

Huko Zimbabwe mwalimu mmoja, Bevill Packer, aliongeza jambo ambalo lingetuokoa Tanga. Alionyesha kwamba karatasi na maboksi yanayotupwa, yakigandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, yanaweza kuwa kiti imara cha kumbeba mtoto kwa miaka.

MASIKA

Kiti chetu cha mbao hakikumfaa mtoto wa bibi. Kilikuwa kipana mno. Mtoto alielemea upande kama gunia lisilojaa. Kwa kuwa hatukuwa na kingine, tulikijaza matambara pembeni, tukamwachia bibi, tukaendelea na nyumba nyingine. Tuliporudi baada ya siku kumi tulikuta ndoo ya maji imekaa juu yake, na mtoto amelala chali mkekani kama siku ya kwanza. Bibi hakuficha. Alisema, "Hicho ni chenu. Mimi sikujua kimekosea wapi, basi ningekirekebishaje?"

Hapo ndipo tulipoagiza maboksi. Mwenye duka wa mtaani alitupa ya sabuni na ya mafuta. Tulinunua unga wa ngano, tukapika uji mzito wa kugandishia. Tulimfundisha bibi kupima. Kina cha kiti ni kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukiondoa upana wa vidole viwili. Nyonga na magoti vikae kama pembe ya meza. Nyayo zikanyage chini kabisa, zisining'inie. Mbele iwepo meza ndogo, mikono ipande juu, kichwa kipate sababu ya kuinuka. Bibi hakutumia futi. Alipima kwa shubiri zake, akakumbuka kila kipimo bila kuandika.

Jirani zake walikuja kuona, wakabaki kusaidia. Wengi wao walikuwa Waislamu, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeanza. Walichana magazeti na kuyapaka gundi huku wamefunga, wakichekana kwamba leo uji unapakwa badala ya kunywewa. Tuliwaza juu ya wale watu wanne katika Injili ya Marko waliombeba mwenzao aliyepooza hadi juu ya dari. Hakuna anayetajwa jina, wala hakuna aliyeulizwa dini yake. Yesu aliiona imani yao kwa sababu dari lilikuwa limetoboka.

Lakini mvua haikukatika. Karatasi zilizobandikwa Jumatatu zilikuwa bado mbichi Ijumaa, na Jumapili zikaota ukungu. Moshi hatukuwa tumejifunza kugandisha karatasi kwenye unyevu wa pwani. Sisi tukakata tamaa, tukaanza kuzungumzia kuagiza mbao. Bibi ndiye aliyemwendea mwoka mikate wa mtaa wa pili, akamwomba kiti kilale usiku chumbani mwake karibu na tanuri. Kililala huko usiku nane. Asubuhi kilirudi kikinukia mkate, kikavu kama kengele. Tukakipaka vanishi tabaka tatu.

Siku mtoto alipokaa humo mara ya kwanza, mkanda ukiwa nyongani na nyayo zikiwa zimekanyaga, kichwa kiliyumba, kikasita, kikasimama. Akamtazama bibi yake uso kwa uso. Bibi akachukua kijiko kidogo kama tulivyomwonyesha, akakileta kutoka mbele na chini, akangoja mdomo ufunge, akangoja mtoto ameze. Hakukohoa. Bibi akaweka bakuli chini, akainuka, akaenda uani. Hatukumfuata.

MLANGO TULIOUACHA UFUNGWE

Tungependa kuishia hapo. Haitakuwa kweli.

Katika juma la tatu, kabla ya kiti kumalizika, tulialikwa kwenye ibada ya nyumbani ya kikundi kimoja cha maombi. Mama wa mtoto alikuwapo. Zamani alikuwa mwimbaji wa kwaya. Alikuwa amepunguza kuja kanisani tangu mtoto azaliwe, na siku hiyo alikuja, tunadhani, kwa sababu sisi tulikuwapo. Katikati ya maombi kiongozi wa kikundi aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, kisha akamgeukia mama, akamtaka aungame mbele ya wote dhambi iliyoleta hali ile. Alirudia mara tatu.

Tulikuwa na majibu mawili. La kwanza tulilijua kwa masomo yetu, na kwa simulizi ya bibi: uchungu wa siku mbili, mtoto aliyezaliwa kimya. La pili analijua kila mtoto wa shule ya Jumapili: katika sura ya tisa ya Yohana wanafunzi walimuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, kijana aliyezaliwa kipofu au wazazi wake, na Bwana akayakataa yote mawili. Hatukutoa hata moja. Tulijiambia sisi ni wageni, si mahali petu, tutaongea na kiongozi baadaye kwa faragha. Mama alimfunga mtoto mgongoni kwa khanga, akatoka. Tulisikia ndala zake kwenye matope mpaka zikaisha.

Baadaye tulimwendea mchungaji, naye akatupa nafasi baada ya ibada ya Jumapili. Tulieleza mtindio wa ubongo hutoka wapi, tukaisoma sura ile ya Yohana, watu wakasikiliza vizuri, na yule kiongozi wa maombi akaja kutushika mkono. Bibi naye alikuja. Alisema, "Neno mmelisema vizuri, wanangu. Ila aliyehitaji kulisikia hakuwepo."

Hapo tulimkumbuka Hannah Mills. Ndugu zake walizuiwa mlangoni wasiingie kumfariji. Sisi tulikuwa ndani tayari, hakuna aliyetuzuia, na mlango ulipofunguka ulikuwa wa kumtoa nje. William Tuke na wenzake hawakumfufua yule mjane. Kilichowezekana kilikuwa kuwajengea nyumba wale ambao wangekuja baada yake. Toba nyingi katika historia ya Kanisa ni za namna hiyo. Zinachelewa kwa mmoja na kuwawahi wengine, na huyo mmoja haturuhusiwi kumsahau.

JIBU LA SWALI LA BIBI

Huko Marekani kazi ya kwenda na kurudi kama yetu ni jambo la kawaida. Wataalamu wa tiba kwa vitendo husafiri kwa mikataba, mara nyingi ya wiki 13, kuziba mapengo katika shule na hospitali, hata huko visiwani Hawaii, kisha huhamia mji mwingine. Hatuwalaumu. Sisi pia tulikuwa na tarehe ya kurudi, na familia, na watoto wengine wakitungoja Moshi. Wataalamu ni wachache, na nchi ni kubwa. Mtu wa kupita atahitajika kwa muda mrefu bado. Mtume Paulo mwenyewe alikaa miji mingine majuma machache tu. Lakini kila alikotoka aliacha watu wenye uwezo wa kuendelea bila yeye, na alipowaandikia aliwataja kwa majina.

Kwa hiyo siku ya kuaga tulirudi kibarazani kwa bibi, tukamjibu. Tulimwambia: sisi tunaondoka Alhamisi. Anayekaa ni wewe. Tulikosea kuja na kiti kilichokwisha tengenezwa. Tungekuja na vipimo tu. Bibi alisema, "Nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja ninyi mlijue."

Mwaka uliofuata mmoja wetu alipita Tanga kwa shughuli nyingine, akamwamkia. Mtoto alikuwa amekua, kiti cha kwanza kimemwia kidogo, kimepelekwa kwa mtoto mwingine Makorora. Alikuwa ameketi katika kiti cha pili, alichokijenga bibi na jirani zake bila sisi. Kilikuwa kimepinda kidogo, na chini ya mguu mmoja kulikuwa na kipande cha boksi kilichokunjwa ili kisiyumbe. Vipimo vya nyonga na magoti vilikuwa sahihi. Mwoka mikate, tuliambiwa, sasa ana pembe maalumu chumbani mwake kwa ajili ya viti.

Mama wa mtoto alikuwa kazini sokoni. Kwaya bado hajarudi. Bibi alisema humwombea kila jioni, lakini hamsukumi. Nasi tunaliweka hapa ombi hilohilo, mbele ya kila usharika utakaoisoma insha hii. Mama akija kwenu na mtoto wa namna hii, kabla hamjamuuliza lolote mpeni mahali pa kukaa.